Damu Imepungua au Imeongezewa Maji? Mazoezi na Madini ya Chuma kwa Wanamichezo

Msomaji, hebu nianze kwa kukupa swali. Watu wawili wamepimwa damu siku moja, sehemu moja. Wa kwanza ni mwanaume, damu yake ni 12.7. Wa pili ni mwanamke, damu yake ni 12.6. Nani ana tatizo?

Ukiangalia karatasi ya majibu peke yake, utasema mwanaume. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanaume mtu mzima anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 13 za himoglobini kwa kila desilita ya damu. Mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa hivyo akiwa chini ya 12. Kwa hiyo kaka ana upungufu, dada yuko salama. Kazi imeisha.

Sasa ngoja nikuambie ilivyokuwa. Hawa wawili ni wenzangu, tulikuwa tunakimbia pamoja jioni tukijiandaa na mashindano ya vyuo. Kaka alikuwa kwenye ubora wake, kila wiki anapunguza sekunde. Baada ya kupimwa akapewa vidonge vya kuongeza damu na akaambiwa apumzike mazoezi. Dada yeye alikuwa anahema akipanda ngazi za bweni, miguu mizito, muda wake wa mita 5,000 unazidi kuharibika. Yeye akaambiwa, "Damu yako iko vizuri, labda ni mawazo ya mitihani."

Baadaye vikafanyika vipimo zaidi. Kumbe kaka hakuwa na tatizo lolote, akiba yake ya chuma ilikuwa ya kutosha kabisa. Dada ndiye alikuwa anakaribia kufika chini ya pipa. Mzima aliambiwa anaumwa, na anayeumwa akaambiwa ni mzima.

Ilikuwaje? Ukielewa kisa hiki, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya sayansi ya mazoezi, damu na madini ya chuma. Twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma

Ukitenganisha damu kwenye maabara unapata sehemu kuu mbili. Chini kuna chembe, na nyingi kati ya hizo ni chembe nyekundu. Juu kuna maji ya rangi ya manjano hafifu yanayoitwa plazma. Ndani ya chembe nyekundu kuna protini ya himoglobini, na katikati ya himoglobini kuna madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia kwenye misuli. Mtu anaposema "damu yangu ni 12", anachotaja ni gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Ni uzito wa msumari mdogo. Karibu theluthi mbili iko kwenye himoglobini. Kiasi kingine kiko ndani ya misuli, kwenye protini inayotunza oksijeni na kwenye mitambo midogo ya seli inayozalisha nguvu. Kinachobaki ni akiba, na huhifadhiwa hasa kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa, kikiwa kimefungwa ndani ya protini iitwayo ferritini.

Chembe nyekundu huishi siku kama 120 hivi. Ikizeeka inavunjwa, na chuma chake hakitupwi, kinarudishwa kiwandani kutengeneza chembe mpya. Kila siku mwili unazungusha hivyo miligramu 20 hadi 25 za chuma. Kutoka kwenye chakula, mtu mwenye afya hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, kiasi cha kufidia kile kidogo kinachopotea.

Zingatia hapo. Mwili haujawa na njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, kwa hiyo unabana sana mlango wa kuingilia. Kwa mtu wa kawaida mpango huu unafanya kazi vizuri. Kwa mtu anayekimbia kilomita 80 kwa wiki, mahesabu yanaweza kugoma.

Kisa cha kaka: chai ile ile, maji zaidi

Ukianza mazoezi ya kuvuta pumzi, yaani kukimbia, kuendesha baiskeli au kuogelea masafa marefu, moja ya vitu vya kwanza kubadilika ni wingi wa plazma. Ndani ya siku chache tu za mazoezi magumu, figo zinaanza kubakiza maji na chumvi zaidi, na protini za plazma zinaongezeka na kuyashikilia maji hayo ndani ya mishipa. Plazma inaweza kuongezeka kwa asilimia 10 hadi 20. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini polepole, kwa wiki na miezi.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Chukua mtu mwenye lita 5 za damu, ambazo ni desilita 50. Ndani yake kuna jumla ya gramu 700 za himoglobini. Gawanya 700 kwa 50, unapata 14. Damu safi kabisa.

Sasa mazoezi yamemwongezea nusu lita ya plazma. Damu yake imekuwa lita 5.5, yaani desilita 55. Himoglobini haijapungua hata gramu moja, bado ni 700. Gawanya 700 kwa 55, unapata 12.7.

Umeona? Hajapoteza chochote, na bado amevuka mstari wa 13 kwenda chini. Ni kama chai ya sukari vijiko viwili. Ukiongeza maji ya moto kikombeni utamu unapungua kila unapoonja, lakini sukari ni vijiko vile vile viwili.

Hali hii wataalamu huiita anemia ya wanamichezo, ingawa jina lenyewe linapotosha, kwa sababu siyo ugonjwa. Ni faida. Damu ikiwa nyingi, moyo unajaa vizuri zaidi kabla ya kupiga, kwa hiyo kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi. Damu yenye maji zaidi inapita kirahisi kwenye mishipa midogo. Na kwenye joto la kwetu, maji ya ziada yanasaidia kutoa jasho na kupoza mwili bila moyo kuhangaika. Ndiyo maana kaka alikuwa anakimbia vizuri huku karatasi ikisema anaumwa.

Kinyume chake pia kipo. Ukipimwa mara tu baada ya kukimbia juani bila kunywa maji, plazma imepungua kwa jasho, na himoglobini itaonekana iko juu kuliko ukweli. Kwa hiyo ile namba moja inategemea sana umepimwa lini na ukiwa katika hali gani. Himoglobini inapima mkolezo. Haipimi jumla ya ulichonacho.

Kisa cha dada: ghala linaisha kabla ya duka

Fikiria duka la mtaani lenye ghala nyuma. Wateja wanaona mashelfu tu. Mzigo mpya ukiacha kuja, mwenye duka anatoa ghalani na kujaza mashelfu. Kwa wiki nyingi mteja hatagundua kitu. Siku ghala likiisha ndipo mashelfu yanaanza kuwa matupu.

Upungufu wa chuma unakwenda hivyo hivyo, kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza, akiba inapungua: ferritini inashuka, himoglobini iko pale pale. Hatua ya pili, chuma kinachosafiri kwenye damu kinakuwa kidogo, na uboho unaanza kutengeneza chembe nyekundu kwa shida. Hatua ya tatu ndipo himoglobini inashuka, na hapo ndipo kipimo cha kawaida kinapopiga kengele.

Dada alikuwa kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Himoglobini yake ilikuwa 12.6, mashelfu yamejaa. Ferritini yake ilikuwa mikrogramu 9 kwa lita. Kwa mtu mzima mwenye afya, WHO huhesabu chini ya 15 kuwa ni upungufu wa chuma, na madaktari wengi wa michezo huanza kuwa na wasiwasi ikishuka chini ya 30 au 35.

Utauliza, kama himoglobini ipo ya kutosha, kwa nini alikuwa anachoka? Kumbuka kwamba chuma hakiishi kwenye damu peke yake. Misuli nayo inakihitaji kwa ajili ya mitambo yake ya kuzalisha nguvu. Kwa mtu anayekaa ofisini upungufu huo unaweza kupita bila kelele. Kwa mtu anayejaribu kukimbia mizunguko kumi na mbili na nusu ya uwanja, misuli italalamika mapema.

Chuma kinapotelea wapi?

Tuanze na miguu. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani aitwaye Fleischer alieleza habari za askari kijana ambaye kila akitembea mwendo mrefu wa kijeshi, mkojo wake unakuwa mweusi. Ilikuja kueleweka kwamba kila kisigino kinapogonga ardhi ngumu, baadhi ya chembe nyekundu zilizo kwenye mishipa midogo ya wayo zinapasuka, na himoglobini inamwagika kwenye plazma. Hali kama hiyo imewahi kuripotiwa hata kwa wapiga ngoma, na hapo wanaogonga ni viganja.

Kwa kawaida hasara hii ni ndogo. Damu ina protini maalumu inayookota himoglobini iliyomwagika na kuirudisha kwenye ini ili chuma kitumike tena. Ni pale tu mmwagiko unapozidi uwezo wa waokotaji ndipo himoglobini inavuka figo na kutoka kwenye mkojo. Viatu vyenye soli nzuri na kukimbia kwenye udongo au nyasi badala ya lami kunapunguza kugongwa huko. Na siyo kugonga tu. Hata waogeleaji na waendesha baiskeli hupoteza chembe kiasi, kwa sababu ya joto, msuguano na mbano wa misuli inayofanya kazi.

Hapa niweke onyo, tafadhali usilipite. Usione mkojo mwekundu ukajifariji kwamba "ni mazoezi tu". Kwetu kuna kichocho, na damu kwenye mkojo ni moja ya dalili zake kubwa. Na kama mkojo umekuwa na rangi ya soda nyeusi pamoja na maumivu makali ya misuli au misuli kuvimba, hiyo ni dharura. Huenda misuli yenyewe inavunjika, na figo zinaweza kufeli. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni tumbo. Ukikimbia kwa nguvu, damu inahamishwa kutoka utumbo kwenda kwenye misuli na ngozi. Utumbo unabaki na damu kidogo, kuta zake zinaweza kuchubuka na kuvuja kidogo kidogo bila wewe kuona. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Ukivuja mililita 4 tu kwa siku, umetoa miligramu 2, yaani chote ulichofyonza siku hiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, ambazo wanamichezo wengi wanameza kama pipi kabla ya mashindano, zinaongeza kuvuja huko. Na kama una minyoo aina ya safura, yenyewe inakunyonya damu ndani ya utumbo, ukimbie usikimbie.

Njia ya tatu ni jasho, lakini hiyo hubeba kiasi kidogo tu.

Njia ya nne ni hedhi, na hii ndiyo inayowaweka wanamichezo wa kike kwenye hatari kubwa kuliko wa kiume. Mapendekezo ya Marekani huweka mahitaji ya chuma kwenye chakula kuwa miligramu 18 kwa siku kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kupata hedhi, na miligramu 8 kwa mwanaume. Ni zaidi ya mara mbili. Sasa jumlisha hedhi nzito, kilomita nyingi na chakula kisichotosha, uone. Dada wetu alikuwa na vyote vitatu, na juu yake alikuwa anakunywa chai ya rangi kila baada ya mlo. Tutaifikia hiyo chai.

Mlinzi wa geti

Mpaka hapa tumeongelea chuma kinachotoka. Kuna tatizo la pili ambalo limeeleweka miaka ya karibuni: baada ya mazoezi makali, mwili unafunga mlango chuma kisiingie.

Mfungaji wa mlango ni homoni inayotengenezwa na ini, inaitwa hepsidini. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chukulia utumbo wako ni kiwanda chenye geti moja la kutolea mzigo kwenda kwenye damu. Hepsidini ikipanda, geti linafungwa. Chuma ulichokula kinabaki ndani ya seli za utumbo, na seli hizo zikibanduka baada ya siku chache zinatoka nacho chooni. Hepsidini inafunga pia mlango wa ghala, kwa hiyo hata chuma cha zamani hakitoki.

Kwa nini mwili ufanye hivyo? Kwa sababu bakteria nao wanahitaji chuma ili wazaliane. Mwili ukihisi uvamizi, unaficha chuma. Taarifa ya uvamizi hupelekwa kwenye ini na kemikali za uvimbe. Tatizo ni kwamba mazoezi makali nayo hutoa kemikali hizo hizo. Ini linapokea ujumbe, halijui kama umeugua au umekimbia kilomita 20, linafunga geti.

Hepsidini hufika kileleni saa 3 hadi 6 hivi baada ya mazoezi. Zaidi ya hapo, kwa kawaida iko chini asubuhi na hupanda kadiri siku inavyokwenda. Mwanamichezo anayefanya mazoezi asubuhi na jioni anaweza kujikuta muda mwingi geti limefungwa.

Hii ina maana kwenye ratiba yako. Kama umekimbia alfajiri saa 12, ukala mlo wako wenye chuma ndani ya saa moja baada ya kumaliza, unawahi kabla geti halijafungwa. Ukisubiri mpaka saa 6 mchana, chakula kile kile kitakufaidisha kidogo.

Vipi wanaopanda milimani?

Unajua Iten, mji mdogo wa wakimbiaji kule Kenya, juu ya Bonde la Ufa. Uko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, kila pumzi unayovuta ina karibu robo tatu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa au Dar es Salaam.

Figo zinahisi upungufu huo na kutoa homoni ya erithropoietini, ambayo inaagiza uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi. Jinsi seli zinavyohisi kiasi cha oksijeni ndiyo kazi iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Ndiyo faida ambayo wakimbiaji kutoka dunia nzima wanaifuata milimani.

Lakini agizo la kiwanda halifai kitu kama malighafi hakuna. Chembe mpya zinahitaji chuma. Ukipanda mlimani na ghala tupu, homoni itapiga kelele na uboho hautakuwa na cha kujengea. Utarudi umechoka, hela ya kambi imekwenda, na damu ni ile ile. Ndiyo maana timu makini hupima ferritini wiki kadhaa kabla ya kambi, siyo baada.

Jambo jingine: mtu anayeishi mwinukoni anatakiwa kuwa na himoglobini ya juu kuliko wa pwani. WHO hupandisha mstari wa upungufu kulingana na mwinuko. Kwa hiyo namba inayomfaa mtu wa Tanga inaweza kuwa ndogo kwa mtu wa Iten.

Kwenye sahani yako

Chuma cha chakula kiko cha aina mbili. Kilichomo kwenye nyama, maini, kuku na samaki kinafyonzwa vizuri. Kilichomo kwenye maharage, choroko, kunde, nafaka na mboga za majani kinafyonzwa kwa shida zaidi, na kinategemea umekula na nini.

Wanaokisaidia: vitamini C. Kamulia limao kwenye maharage au mchicha, kula chungwa, embe au pera pamoja na mlo, siyo saa tatu baadaye. Kipande kidogo cha nyama au kisahani cha dagaa ndani ya mlo wa maharage nacho kinasaidia chuma cha maharage kufyonzwa.

Wanaokizuia: chai na kahawa, kwa sababu ya kemikali zake zinazokamata chuma tumboni. Siyo lazima uache chai, najua naongea na nani. Isogeze tu, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Maziwa mengi pamoja na mlo nayo yanazuia kiasi. Nafaka zisizokobolewa na kunde zina fitati ambazo pia hushika chuma, ila kuloweka, kuotesha na kuchachusha kunazipunguza. Bibi zetu waliochachusha uji hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wanafanya jambo la maana.

Halafu kuna imani ya rangi: kitu chekundu kinaongeza damu. Juisi ya rosella, biti na soda nyekundu zote zimepewa sifa hiyo. Rangi haina uhusiano na chuma. Juisi ya biti imeonyesha kuwasaidia baadhi ya wanamichezo wa masafa, lakini kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu ya naitreti inayotanua mishipa. Kunywa ukiipenda, ila usiihesabu kama tiba ya chuma.

Na lile la kula udongo. Hamu ya kula udongo au barafu mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Ubaya ni kwamba udongo wenyewe unaweza kukamata chuma tumboni na kuzidisha tatizo. Kwa hiyo mwenzako kwenye timu akianza kutafuna udongo usimcheke, mshauri akapime.

Vidonge: usimeze kwa kubahatisha

Najua unachofikiria. "Kwa nini nisinunue tu FEFO za elfu moja nimeze, yaishe?"

Nikukumbushe kilichotokea karibu na sisi, Pemba. Watafiti walikuwa wanawapa watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku, eneo lenye malaria nyingi, kwa nia njema ya kuzuia upungufu wa damu. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kwa sababu watoto waliopewa chuma walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi ya wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yakabadilisha mwongozo wa dunia kuhusu kugawa chuma kwenye maeneo ya malaria. Ndani ya utafiti huo kulikuwa na jambo muhimu: kwenye kundi dogo lililopimwa kwa undani, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walionekana kufaidika.

Wewe siyo mtoto wa miaka miwili, na matokeo yale hayahamii kwako moja kwa moja. Somo lake ndilo linabaki. Chuma ni dawa kwa anayekihitaji, na ni mzigo kwa asiyekihitaji. Mwili hauna njia ya kutoa ziada, na chuma kikijilundika kwa miaka kinaharibu ini na moyo. Kaka wetu angemeza vidonge vile miezi yote asingekimbia kasi zaidi. Angepata tu kuvimbiwa na choo kigumu.

Anayehitaji vidonge, dozi kubwa kila siku siyo lazima iwe bora. Watafiti wa Uswisi walipima wanawake wenye akiba ndogo ya chuma wakakuta kwamba dozi moja hupandisha hepsidini hadi siku inayofuata, kwa hiyo dozi ya kesho inakuta geti limebanwa. Waliomeza siku moja na kuruka siku moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila dozi. Mweleze daktari wako kwamba wewe ni mwanamichezo, mkubaliane ratiba.

Kuhusu dripu na sindano za chuma, hizo ni za wagonjwa ambao vidonge vimeshindikana, na ni kazi ya hospitali. Kwa mwanamichezo wa mashindano kuna la ziada: kanuni za kuzuia dawa zilizopigwa marufuku michezoni haziruhusu dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, hata kama ndani yake kuna kitu halali, isipokuwa kwa matibabu yanayokubalika hospitalini.

Sasa ufanye nini?

Kama unachoka bila sababu, muda wako unaharibika wakati mazoezi ni yale yale, au unapata hedhi nzito, omba upimwe himoglobini na ferritini, vyote viwili. Ferritini siyo kipimo cha kila zahanati, lakini hospitali kubwa na maabara nyingi za mijini wanacho.

Usipime kesho yake baada ya mashindano, wala ukiwa na malaria au homa. Ferritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, kwa hiyo ghala tupu linaweza kuonekana limejaa. Pumzika siku moja au mbili, nenda asubuhi ukiwa umekunywa maji ya kutosha.

Tunza majibu yako. Namba ya leo peke yake inasema kidogo. Namba ya leo ukiilinganisha na ya miezi sita iliyopita inasema mengi.

Na ikikutwa chuma kimepungua, usiishie kwenye vidonge. Uliza kinapotelea wapi. Ni hedhi? Ni minyoo? Ni tumbo? Ni chakula hakitoshi? Ukijaza ndoo bila kuziba tundu, utarudi pale pale.

Dada alitibiwa minyoo, akapewa vidonge vya kuruka siku, akaacha diklofenaki za kila Jumamosi, akasogeza chai yake, na mwalimu wa timu akampunguzia kilomita. Ilichukua miezi mitatu hivi. Mashindano ya mwaka ule yalimpita, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kama wa kwanza kumpima angetazama ghala pamoja na mashelfu, labda angekimbia.

Kaka yeye alikimbia, na damu yake ya 12.7.